Usiache mbachao kwa fayawoli ipitayo

Agosti 2003 kompyuta nyingi duniani zilianza kujizima zenyewe. Mtu ameketi anaandika barua, ghafla kinatokea kidirisha kinachomwambia kwamba mashine itazimika baada ya sekunde 60, na sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma mbele ya macho yake. Hakuwa amefungua barua pepe ya ajabu wala kupakua filamu ya wizi. Kompyuta yake ilikuwa imeunganishwa kwenye intaneti, basi. Kirusi kilichoitwa Blaster kilikuwa kikizunguka mtandaoni na kubisha hodi kwenye mlango namba 135 wa kila mashine kiliyoikuta, na iliyoitika ikaambukizwa.

Dawa mbili za Blaster zilikuwepo hata kabla hakijazaliwa. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba ufa huo Julai 16, karibu wiki nne kabla ya kirusi kusambaa. Na Windows XP, iliyoingia sokoni mwaka 2001, ilikuja na fayawoli yake yenyewe. Ilikuwemo ndani ya kila nakala, bure, nyepesi, ila ilikuwa imezimwa. Mwaka uliofuata kikaja kirusi kingine, Sasser, kazi ya mwanafunzi wa Kijerumani aliyekuwa ndiyo kwanza anatimiza miaka 18, nacho kikapita kwa njia ileile ya kugonga milango iliyo wazi. Ndipo Agosti 2004, katika maboresho makubwa ya XP yaliyoitwa Service Pack 2, Microsoft ikaamua kwamba fayawoli itakuwa imewashwa tangu mwanzo. Mamilioni ya watu wakapata ulinzi bila kujua kwamba wameupata.

Naanzia huko kwa sababu ya swali ambalo halikomi miongoni mwa wenye kompyuta nyumbani: nisakinishe fayawoli gani ya bure, nyepesi, ambayo mtu asiye fundi ataimudu? Wengi wanaouliza wanatarajia kutajiwa jina la kitu cha kupakua. Jibu langu litawaudhi baadhi yao. Kwa mtu anayeanza, fayawoli bora ni ile ambayo tayari imo kwenye mashine yake, ikiwa imewashwa na kuachwa ifanye kazi. Akitaka kuongeza kitu, aongeze programu ndogo inayoitumia injini ileile ya Windows, si ile inayoing'oa na kukaa mahali pake. Na katika kuchagua, kipimo cha kwanza kiwe uchache wa maswali ambayo programu itamuuliza.

Nini kinaingia, nini kinatoka

Fayawoli ni programu inayokaa kati ya kompyuta na mtandao, ikiamua mawasiliano gani yapite na yapi yakataliwe. Kompyuta huzungumza na dunia kupitia milango yenye namba, na namba hizo hufika 65,535. Tovuti salama hutumia mlango 443, kushirikiana mafaili kwenye Windows hutumia 445, na kuiendesha kompyuta kutoka mbali hutumia 3389. Mtumiaji wa kawaida hana haja ya kukariri hata mmoja. Anachopaswa kuelewa ni tofauti kati ya mazungumzo yanayoanzishwa na mtu wa nje na yale yanayoanzishwa na programu iliyo ndani.

Fayawoli ya Windows, kama inavyokuja, ina msimamo ulio wazi kuhusu mambo hayo mawili. Kinachoingia bila kualikwa kinakataliwa, labda kama kuna ruhusa maalumu. Kinachotoka kinaruhusiwa, labda kama kuna katazo maalumu. Ukifungua tovuti ya gazeti, wewe ndiye uliyeanzisha mazungumzo, kwa hiyo majibu yanarudi bila kuzuiwa. Mgeni wa Moscow au wa mtaa wa pili akijaribu kuanzisha mazungumzo na mashine yako, hajibiwi kitu. Msimamo huo peke yake ungetosha kumzuia Blaster mlangoni.

Wapenzi wa fayawoli za kupakua husema kwamba nusu ya pili ya msimamo huo ni uzembe. Je, kama kirusi kimeshaingia kwa njia nyingine na sasa kinataka kutuma nywila zako nje? Hoja hii ina uzito. Lakini kirusi ambacho kimeshapata madaraka ndani ya mashine kinaweza kujipenyeza katika programu iliyoruhusiwa, kama vile kivinjari, au kuizima fayawoli yenyewe. Udhibiti wa kinachotoka una faida zake, nitazieleza, ila usiuziwe kama kinga ya mwisho. Vita dhidi ya virusi huamuliwa mlangoni, wakati wa kuingia.

Mlinzi anayepiga simu

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kizazi cha fayawoli za bure zilizojipatia sifa kubwa: ZoneAlarm, Sygate, Kerio, Outpost. Zilishindana kwa kuonyesha kwamba hakuna programu inayoweza kutoka nje bila mwenye kompyuta kuulizwa. Kila kitu kiliulizwa. Programu fulani inataka kufika kwenye anwani fulani kupitia mlango fulani: ruhusu au kataa?

Tuseme umeajiri mlinzi getini ambaye kila anayepita anakupigia simu. "Bosi, kuna mtu anaitwa svchost, anataka kutoka, nimwachie?" Siku ya kwanza utauliza ni nani huyo. Siku ya pili utauliza kwa sauti ya kuchoka. Kufika Ijumaa utakuwa umeshamwambia, "Wewe ruhusu tu, usinipigie." Mshahara anaendelea kulipwa, sare amevaa, na geti liko wazi.

Jina hilo svchost nimelichagua makusudi, maana ndilo lililokuwa likiwatesa watu. Ni sehemu halali ya Windows inayobeba makumi ya huduma tofauti ndani yake, kuanzia masasisho hadi saa ya kompyuta. Hata fundi mzoefu akiulizwa kuhusu svchost hawezi kujibu kabla hajachunguza ni huduma ipi inayoomba. Sasa mwalimu mstaafu wa Morogoro au mwanafunzi wa kidato cha tano atajibuje? Akikataa, intaneti inaweza kukatika asijue kwa nini. Akikubali, mambo yanaendelea. Baada ya mara chache mkono unajifunza wenyewe: ukiona kidirisha, bofya ndiyo. Na siku kirusi cha kweli kitakapoomba ruhusa, mkono huohuo utabofya ndiyo.

Mwaka 2009 Cormac Herley, mtafiti wa Microsoft, aliandika makala iliyowakera wataalamu wengi wa usalama. Alidai kwamba watumiaji wanaopuuza ushauri wa usalama si wajinga, bali wamepiga hesabu: muda wanaopoteza kufuata mashauri yote ni gharama kubwa kuliko hasara ambayo mashauri hayo yanaizuia. Mimi nakubaliana naye. Programu ya usalama inayomfanya mtu atoe uamuzi asiokuwa na elimu nao inahamishia lawama kwa mtu huyo. Kikiharibika kitu, kampuni itasema: tulikuuliza, ukakubali.

Ndiyo maana nasema idadi ya maswali ndiyo kipimo. Fayawoli inayomfaa anayeanza ni ile inayokataa yenyewe mambo yanayojulikana kuwa hayana faida kwake na kumwita pale tu ambapo jibu lake lina maana. Fayawoli ya Windows inakaribia hapo. Inauliza mara moja, pale programu inapotaka kufungua mlango wa kupokea wageni. Hata swali hilo lina jibu rahisi kwa nyumba nyingi: funga kidirisha bila kuruhusu. Programu nyingi, zikiwemo za mikutano ya video, zitaendelea kufanya kazi, kwa sababu zenyewe ndizo zinazoanzisha mawasiliano kwenda nje. Ukiona kitu fulani kimegoma, rudi kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa na uweke alama.

Uzito hutoka wapi

Laptopu nyingi zinazouzwa Kariakoo au katikati ya Nairobi ni za mtumba. Zilifanya kazi kwenye ofisi za Ulaya au Marekani, zikastaafishwa, zikavuka bahari. Nyingi zina RAM ya GB 4 au 8, na baadhi bado zina diski za kuzunguka. Mashine ya namna hiyo ikibebeshwa furushi zima la programu za usalama, mwenye nayo hungoja dakika kadhaa kabla hajaweza kuandika neno, kisha mwishowe anazima kila kitu ili apumue. Wepesi, kwa hiyo, ni sharti la usalama wenyewe, maana ulinzi mzito huishia kuzimwa.

Uzito huo una asili yake. Fayawoli za zamani zilileta injini yao: kipande cha programu kinachojipachika ndani kabisa ya mfumo na kukagua kila pakiti ya data inayopita. Juu yake zikaongeza kiolesura chenye rangi, huduma ya kujisasisha na matangazo ya kununua toleo la kulipia. Tangu Windows Vista, iliyotoka mwaka 2007, hakuna haja hiyo tena. Microsoft ilijenga ndani ya mfumo injini ya kuchuja mawasiliano, inayoitwa Windows Filtering Platform, na ikawaruhusu watengenezaji wengine kuitumia. Anayetaka kutengeneza fayawoli leo anaweza kuandika usukani tu, injini akaikuta.

Hapo ndipo zinapoingia programu ndogo ninazoziheshimu. TinyWall, iliyoandikwa na Károly Pados wa Hungary, faili lake la kusakinisha ni la MB chache tu na haina matangazo. Imekataa kabisa vidirisha vya maswali. Programu isiyo kwenye orodha inazuiwa kimyakimya, na mwenye kompyuta akitaka kuiruhusu anabofya alama ndogo karibu na saa, anachagua dirisha la programu hiyo, kazi imekwisha. Windows Firewall Control, ambayo Malwarebytes iliinunua mwaka 2018, inakupa viwango vichache vya kuchagua badala ya msitu wa kanuni. Ipo pia simplewall, yenye msimbo ulio wazi, ingawa hiyo hupenda kuuliza na inamfaa zaidi aliyekwisha kuizoea mitandao.

Hata TinyWall ina bei yake kwa anayeanza. Kwa kuwa inakataa bila kusema, printa ya mtandao inaweza kugoma au programu ya benki ikashindwa kufunguka, na asiyekumbuka kwamba aliisakinisha miezi mitatu iliyopita atamlaumu mtoa huduma wa intaneti. Ushauri wangu ni huu: isakinishwe na mtu anayejua kwa nini anaitaka, kwenye mashine anayoitumia yeye mwenyewe. Usimsakinishie mama yako kule kijijini kisha ukapanda basi kurudi mjini.

Jambo moja lisifanywe kamwe, nalo ni kuweka fayawoli mbili zenye injini mbili. Zinagombania pakiti zilezile, mashine inakuwa nzito, na kosa likitokea hujui ni ipi imelifanya. Kwa kawaida ukisakinisha fayawoli kamili ya kampuni nyingine, ile ya Windows hujiweka pembeni na kumwachia kazi mgeni. Siku leseni ya majaribio ya mgeni huyo inapoisha, au programu inapoondolewa vibaya, unaweza kubaki na kidirisha cha onyo huku hujui nani yuko zamu.

Tena wageni hawa huondoka. Sygate, iliyopendwa kwa wepesi wake, ilinunuliwa na Symantec mwaka 2005 na fayawoli yake ya bure ikazikwa. Outpost ilitoweka sokoni baada ya Yandex kununua teknolojia ya kampuni ya Agnitum mwishoni mwa 2015. Waliozipenda walibaki na programu isiyosasishwa, na programu ya usalama isiyosasishwa ni ufa mpya. Usiache mbachao kwa msala upitao: ya Windows, pamoja na kasoro zake, imekuwepo na kusasishwa kwa zaidi ya miaka 20.

Bando na tamaa ya kuzuia masasisho

Kwetu kuna sababu nyingine ya kutafuta fayawoli, na haihusiani na wadukuzi. Ni bando. Mtu anawasha hotspoti ya simu ili atume barua pepe moja kutoka kwenye laptopu, na kabla hajaandika anwani ya anayemtumia, kifurushi cha wiki kimeisha. Windows ilikuwa ikijisasisha kwa nyuma, hifadhi ya mtandaoni ikipandisha picha, programu tatu zikitafuta matoleo mapya. Anayetoka hapo na kutafuta programu ya kufunga kila kinachotoka namwelewa kabisa.

Ila dawa ya tatizo hilo imo mle mle kwenye Windows. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, bofya jina la hotspoti yako, kisha washa kipengele kinachoitwa Metered connection. Kwa hatua hiyo unaiambia kompyuta kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha upakuaji mkubwa na programu nyingi zitapunguza ulaji. Ukurasa wa matumizi ya data utakuonyesha ni programu ipi iliyokula kiasi gani. Ukishamjua mla bando, mzime yeye, usizime dunia nzima.

Nasisitiza hili kwa sababu anayetumia fayawoli kuzuia masasisho ya Windows anauza mlango ili anunue kufuli. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha ufa mkubwa katika huduma ya kushirikiana mafaili, ile inayotumia mlango 445. Mei 12 mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye ufa huo, kikafunga mafaili ya zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150, na kudai dola 300 kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza ziliahirisha upasuaji. Kiraka kilikuwa na umri wa miezi miwili. Walioumia ni wale ambao, kwa sababu moja au nyingine, hawakukipokea.

WannaCry inatufundisha pia kwamba fayawoli na masasisho hufanya kazi pamoja. Kirusi hicho kilienea sana ndani ya mitandao ya ofisi, ambako mlango 445 huachwa wazi ili wafanyakazi washirikiane mafaili. Nyumbani, Windows inapokuuliza kama mtandao mpya ni wa umma au wa binafsi, inakuuliza swali hilohilo kwa maneno mengine: je, kompyuta nyingine kwenye mtandao huu ziruhusiwe kuiona yako? Chagua wa umma, yaani Public, hata nyumbani, kama huna printa ya mtandao wala mafaili ya kushirikiana. Kwenye hotspoti, hosteli, hoteli na mgahawa, chagua hivyo bila kufikiri mara mbili. Masasisho yafanye usiku kwa bando la usiku, au kwenye Wi-Fi ya mahali unapopaamini, lakini yafanye.

Ukiwa na ruta nyumbani, nayo ni kizuizi cha kwanza, maana haipitishi ndani mazungumzo ambayo hakuna aliyeyaanzisha. Ibadilishe nywila iliyokuja nayo kiwandani. Mwaka 2016 mtandao wa mashine zilizotekwa ulioitwa Mirai ulikusanya kamera na ruta nyingi mno kwa kujaribu tu orodha fupi ya nywila za kiwandani ambazo wenye vifaa hawakuwahi kuzigusa.

Bure kwa gharama ya nani

Fayawoli inaona kila mahali kompyuta yako inakokwenda. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ina uwezo gani, uliza aliyeitengeneza anakula wapi. Avast ilikuwa ikigawa programu za usalama za bure kwa mamilioni ya watu, huku kampuni yake tanzu, Jumpshot, ikiuza kumbukumbu za tovuti ambazo watu hao walizitembelea. Jumpshot ilifungwa Januari 2020 baada ya habari kufichuka, na Februari 2024 tume ya Marekani inayolinda walaji, FTC, ikatangaza kwamba Avast italipa dola milioni 16.5 na kupigwa marufuku kuuza data hizo kwa ajili ya matangazo. Kilichotangazwa kuwa ngao kilikuwa kikiwapeleleza wale kilichopaswa kuwalinda.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina ya kwake ya mwaka 2022. Ni sheria nzuri kuwa nazo, lakini mtumiaji wa Tabora hatafunga safari kwenda kumshitaki mtengenezaji aliyeko ng'ambo. Kinga yake ya kweli ni kuchagua mapema. Programu yenye msimbo ulio wazi, kama TinyWall, inaweza kukaguliwa na yeyote mwenye ujuzi. Inayoishi kwa kuuza toleo la kulipia ina sababu ya wazi ya kukupa la bure. Ambayo huoni inaishije, iache. Na popote uendapo, pakua kutoka kwenye tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Fayawoli iliyovunjwa leseni na kupitishwa mkono kwa mkono kwenye flashi ni mwizi uliyemkabidhi ufunguo.

Kuna watakaosema: kama ni habari ya kuamini, Microsoft yenyewe hukusanya taarifa za matumizi, kwa nini niiamini fayawoli yake? Ni swali la haki. Lakini asiyemwamini mtengenezaji wa mfumo hatapona kwa kuweka kifuniko juu ya mfumo uleule. Ahamie kwingine. Ubuntu ina fayawoli iitwayo ufw ambayo huwashwa kwa amri moja, na Linux Mint huja na kidirisha chepesi cha kuisimamia. Tangu Windows 10 ilipofikia mwisho wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025, huku laptopu nyingi za mtumba zikishindwa masharti ya Windows 11, uhamaji huo umekuwa na maana hata kwa asiye na ugomvi na Microsoft. Mwenye Mac naye anayo fayawoli katika mipangilio, aangalie kama imewashwa. Akitaka kuona kinachotoka, ipo LuLu, ya bure na yenye msimbo ulio wazi.

Kazi isiyo ya fayawoli

Pamoja na hayo yote, hatari nyingi zinazomkuta mtumiaji wa kwetu hazipiti mlango 135 wala 445. Zinapita kwenye flashi iliyotoka steshenari, mahali ambapo mtaa mzima hupeleka barua za kazi kuchapishwa kwenye kompyuta moja. Zinapita kwenye ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", ambao hauhitaji kompyuta kabisa. Zinapita kwenye kiungo cha ajira hewa kinachokuomba nywila, nawe ukaiandika kwa mkono wako. Fayawoli haioni kosa lolote hapo, kwa sababu mwenye nyumba ndiye aliyefungua.

Ndiyo maana napinga kazi ya saa tatu ya kulinganisha fayawoli kumi. Saa hizo zina matumizi bora: kuhakikisha Windows imesasishwa, kuweka nakala ya mafaili kwenye diski ya nje isiyobaki imechomekwa, kuwasha uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe. Kazi ya fayawoli yenyewe haimalizi hata dakika tano. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya fayawoli, hakikisha aina zote tatu za mtandao zina alama ya kijani. Pitia orodha ya programu zilizoruhusiwa na uondoe usizozitambua wala kuzitumia. Ukiwa safarini, weka alama kwenye kipengele kinachozuia kila kinachoingia, hata kilichoruhusiwa. Ukivuruga mambo, kipo kitufe cha kurudisha kila kitu kama kilivyokuwa kiwandani, na hilo nalo ni jambo ambalo anayeanza anapaswa kulidai kwa programu yoyote: njia rahisi ya kurudi nyuma.

Wafanyabiashara na mafundi nao wana sehemu yao. Mwaka 2004 watumiaji hawakupewa semina. Aliyewakabidhi mashine ndiye aliyewasha ulinzi kabla hawajaigusa. Duka linalouza laptopu ya mtumba linaweza kufanya vivyo hivyo leo bila gharama: mfumo uliosasishwa, fayawoli imewashwa, programu moja tu ya kuzuia virusi, na hakuna furushi la majaribio litakaloisha baada ya mwezi. Shule zenye maabara za kompyuta zinaweza kufanya hivyo pia. Ningependa kuona mnunuzi akilidai hilo kama anavyodai chaja.

Na wewe ambaye bado unataka kupakua fayawoli nyingine, sikukatazi. Ila kabla hujabofya, sema kwa sentensi moja ni mawasiliano gani unayotaka kuyazuia ambayo ile uliyonayo haiyazuii. Kama sentensi inakuja, kwa mfano "nataka mchezo huu usitoke mtandaoni kabisa", pakua kilicho chepesi na ukitumie kwa kazi hiyo. Kama haiji, huna tatizo la fayawoli, na programu mpya haitalitatua.